Dawa Imeingia

Shoga, nimeumbuka leo maabara, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Si unajua miezi mitano napima dawa inavyopenya ndani ya seli nyeupe za damu, kule bakteria wanakojificha? Imepenya! Tena kwa wingi! Nikasimama mbele ya wote, kifua mbele, nikaonyesha grafu.

Mkuu wetu akauliza swali moja tu: "Bakteria wangapi wamekufa?"

Wangapi? WANGAPI! Shoga, sikuwa nimehesabu!

Tukachungulia kwa hadubini. Wazima kabisa, wanazaana raha mustarehe, na dawa imejaa mle mle, imepunguzwa nguvu na tindikali ya seli.

"Kuingia si kufanya kazi," mkuu akasema, taratibu kabisa. "Hata wewe huingia hapa kila siku saa mbili kamili."