Mundu Mbele ya Saraswati

Mtaa wa Wafumaji,
Tirunelveli.
19 Oktoba 1994

Mpendwa Kaka Ponnaiah,

Pokea salamu za dada yako. Kifua kinaendeleaje na moshi wa Bombay? Na Wifi Thangam, mguu umepona? Mimi ni mzima wa mwili tu.

Kaka, nakuomba umpokee mwanangu Kanaga, tena upesi. Ngoja nikueleze.

Shemeji yako Chelladurai unamjua. Fundi cherehani, mpole hata majirani humtania kwamba nzi akitua kwenye chai yake, yeye ndiye humwomba radhi. Juma lililopita, nikifanya usafi wa siku ya kubariki vyombo vya kazi, nilikuta mundu umeviringishwa gunia nyuma ya cherehani, mpini una pete ya shaba. Nikadhani ni wa marehemu baba yake. Nikaufuta kutu, nikaupaka rojo la msandali, nikaulaza mbele ya sanamu ya mungu wetu Saraswati pamoja na mkasi.

Aliporudi aliganda mlangoni. "Mama Kanaga, ondoa hicho."

"Wewe nawe! Chombo kikishawekwa hakiguswi mpaka kesho. Unatutafutia mkosi?"

Akapita ndani. Laiti ningemtazama usoni.

Jioni watu wakaja kula dengu na bisi za mchele. Mmoja, mteja mgeni, akaikodolea macho ile pete.

"Shemeji, mundu wa nani huu?"

"Wa mume wangu. Wa kukatia nazi, nadhani."

Akacheka. "Nazi? Basi kule pwani alizikata nyingi, na mojawapo ilikuwa baba yangu." Akaondoka bila kuonja kitu.

Ndipo mume wangu akaniambia. Zamani, kwa jina jingine, alikodiwa na tajiri mmoja wa chumvi kukata watu. Miaka yote hii nimemfulia mashati mtu nisiyemjua.

Tuliazimia kuondoka asubuhi, mara vyombo vikishaondolewa mbele ya sanamu. Unaijua desturi ya nyumba yetu: asubuhi hiyo Kanaga humkabidhi baba yake mkasi, ashone mshono wa kwanza, maana kazi inayoanzwa siku hiyo ndiyo inayostawi mwaka mzima. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya vyombo, nywele mbichi za kuoga, yule mgeni alipoingia na nduguye, visu mkononi.

"Mwanangu, nipe mundu," baba yake akasema, taratibu, kama anayeomba uzi.

Akampa. Mikono ya mume wangu haikuwa imesahau kitu. Wale wawili hawakutoka hai.

Alikwenda mwenyewe polisi, na sasa yuko rumande. Jamaa za marehemu wameapa kwamba damu hailipwi kwa jela, na shule ya Kanaga wanaijua. Nampenda mume wangu, Kaka, na namwogopa, na aibu ya yote mawili inanila. Lakini mtoto hana kosa.

Nisalimie Wifi na binti yako Selvi. Mwambie Selvi asimtume Kanaga kisu, hata cha vitunguu, akikiona hukimbilia nje. Wala msimuulize lolote. Yeye mwenyewe ana swali moja analorudia kuniuliza kila siku: "Mama, ile kazi niliyomkabidhi baba, itastawi mwaka mzima?"

Labda wewe utajua la kumwambia.

Mungu auweke mlango wako wazi kwake, na kwa wabaya aufunge.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukutegemea,
Sivakami