Picha Nyeupe za Jua

Baba Kibonge, mpenzi wangu,

Mwanao ameota jino na ananing'ata bila huruma. Usingizi nimeusahau, ila tuko wazima.

Ulipoandika kwamba redio ya meli ilizimika mchana kutwa na ofisi yetu haikuwapa onyo, nilimwonyesha bosi. Unaijua kazi yetu: picha za jua zinamiminika kuliko macho ya watu yanavyoweza kuzipitia, ndiyo maana tumeifundisha kompyuta izichambue na kutoa onyo jua likilipuka, maana mlipuko wake ndio huzizima redio zenu. Bosi akautafuta mlipuko wa siku ile, asiuone. Akafungua picha zilizotupwa kama mbovu, akatuita kwa sauti.

"Jamani, njooni muone!"

Zote zilikuwa nyeupe pe! Tuliifundisha kompyuta kwamba picha nyeupe ni ya kamera iliyoharibika, iitupe. Kumbe mlipuko ukiwa mkubwa mno, mwanga wake ndio unaifanya picha iwe nyeupe. Yaani midogo inaiona, mikubwa inaitupa! Kwa kuwaza hayo nimemwaga hata maziwa ya mtoto.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu tuanze, mama."

Kuifundisha upya kutachukua muda. Kwa hiyo nisikilize, na usinibishie. Mwambie nahodha asipite kwenye ile miamba ya njiani kwenu kwa kutegemea redio na onyo letu. Hata nikikuandikia mimi mwenyewe kwamba jua limetulia, mume wangu, usiniamini.

Anayekutaka urudi mzima,
Mama Kibonge