Mlango wa Katikati

Manyoni, Jumamosi

Na azibe! Nyumba hii ya mawe waliijenga Wajerumani, babu akaongeza vyumba vya uani, baba akabadilisha bati. Kaka yangu Elia yeye kazi yake ni kuziba. Tumegawana: yeye upande wa barabarani, mimi na mama upande wa uani. Leo kaleta fundi azibe mlango wa katikati, eti cherehani yangu inamnyima usingizi. Mlevi gani anayeamshwa na cherehani!

Fundi alipobandua plasta, tukaona udongo mkavu umebaki kwenye tao la mlango. Babu naye aliwahi kuuziba, alipogombana na ndugu yake. Alitumia matope matupu, ndiyo maana baba aliubomoa kwa jembe asubuhi moja tu.

Basi nikamsikia Elia anamnong'oneza fundi: "Jengea udongo tu. Hasira za dada nazijua, zitaisha."

Zitaisha! Huyu mtu ananidharau hivi? Nikaenda kuchukua mfuko wa saruji niliouweka kwa ajili ya choo, nikaubwaga miguuni kwa fundi. "Changanya hii, tena iwe nzito."

Jioni ukuta umesimama, hata panya hapiti. Nikasonga ugali, nikaenda kumwita mama chumbani kwake. Godoro halipo. Nikaita kwa sauti.

Akaitika kutoka nyuma ya ukuta mpya, upande wa Elia: "Kula tu, mwanangu. Mimi huku nimeshakula."