Mrushaji Niliyemponda Redioni

Vern, nimejifungia chooni. Nakufa kwa aibu.

Unakumbuka jana nilivyopiga simu redioni? Kuhusu yule mrusha mpira ambaye timu yetu ya besiboli imemchagua wa kwanza, wakati vyuo vyote nchini vimejaa vijana wanaomzidi? Nikasema anarusha kama bibi anayefukuza kuku!

Kumbe mke wangu Lorna alishakubali tumpe chumba hapa kwetu mchezaji mmoja wa timu msimu huu. Hakuniambia ni nani. Leo mlango umegongwa, nikafungua. NI YEYE! Colby Reschke mwenyewe, na begi lake, na keki aliyooka mama yake!

Tukala. Mara ananiangalia: “Samahani mzee, si wewe uliyeongea redioni jana?”

REDIONI, Vern! Lorna akaweka uma chini.

“Tulikuwa garini na mama. Alizima, nikamwambia awashe.”

Halafu wala hana hasira: “Ulisema mguu wangu wa mbele unatua vibaya ninaporusha. Kocha hajawahi kuniambia hivyo. Hebu nionyeshe.”

Nimuonyeshe nini? Ya mguu nilikusikia wewe ukisema!

Namwona dirishani. Yuko uani, ananingoja. Ameshika glavu mbili za kudakia mpira.