Restuta, Mhandisi wa Roketi Aliyezuia Lango

Mama Placida, mwaka umetimia tangu ulipotutoka, Machi 2007, na nyumba yetu ya Rayners Lane, hapa London, bado haijazoea. Wewe hukujua kupika chakula kidogo, na Fanuel mumeo sasa naye hajui. Anapika sufuria nzima ya ndizi, kisha anambishia hodi jirani yetu Annonciata ampelekee sahani, kama ulivyokuwa ukifanya.

Ulitoka Bukoba kuja kusoma London mwaka 1991 ukiwa na koti la kuazima. Ulipohitimu uhandisi, kampuni kubwa hazikukujibu. Ndipo James, Mwingereza aliyetaka kurusha setilaiti bila kutegemea serikali yoyote, akakuchukua kwenye kampuni yake ndogo ya roketi. Karakana ilikuwa Hayes, ubavuni mwa ghala la mazulia. Kila jioni ulirudi ukinuka grisi, ukamsuka Placida huku ukimweleza jinsi moto unavyosukuma chuma kwenda juu. Yeye akikulalamikia kwa Kiingereza chake kwamba unamvuta nywele, ulicheka tu.

Lakini siku tunayoikumbuka kuliko zote ni ile ya kiangazi cha 2003, mlipojaribu injini kwenye uwanja wa ndege wa zamani nje kidogo ya London. Wateja wenye setilaiti yao walialikwa. Fanuel na Placida nao walikuwepo, nyuma ya ukuta wa zege. Injini ikawashwa, ikakohoa, ikanyamaza. Tangi lilikuwa limejaa mafuta, na kipimo cha presha kilikuwa kimezimika. Hakuna aliyejua kilichokuwa kikiendelea ndani.

Balwinder, fundi mwenzio wa Southall aliyezaliwa Nairobi, akachukua spana.

“Ni vali tu imekwama, dada. Naigonga mara moja, narudi.”

Ukasimama kwenye lango la kuingilia penye injini, ukashika komeo. “Haendi mtu.”

James akaja mbio, uso umemwiva. “Restuta, wateja hawa wakiondoka, hatuna kampuni. Mwache apite!”

“Kampuni utafungua nyingine, James. Balwinder nitampata wapi?”

“Una uhakika tangi litalipuka?”

“Sina.”

Placida alitaka kukukimbilia, babake akamshika bega. Tangi likalia kama bati lililopata jua kali, na watu wote wakarudi nyuma isipokuwa wewe. Wateja wakatazama saa zao, wakanong’onezana, mmoja mmoja wakaelekea kwenye magari. Balwinder akatupa spana chini kwa hasira. Hukumpisha mtu hadi mvuke ulipoacha kufoka kwenye bomba la juu na mkajua presha imekwisha.

Tangi halikulipuka. Mlipolifungua hamkukuta hata ufa. Wateja hawakurudi, karakana ikafungwa kabla ya Krismasi, na wapo waliokuambia waziwazi kwamba uliogopa bure. Jioni ya siku ile ya jaribio ulikaa jikoni na koti lako mwilini.

“Baba Placida, labda nimewakosesha watu kazi bure.”

Fanuel akapiga magoti, akakuvua viatu.

Baadaye ukafundisha hesabu sekondari, kwa sauti ileile ya msisitizo kama pale langoni, mpaka saratani ikakulaza. James hakupiga simu tena. Hukuwahi kumsema vibaya.

Siku ya mazishi Balwinder alikuja na binti yake mdogo, aliyezaliwa mwaka uliofuata jaribio lile. Akaomba awe mbele katika kubeba jeneza. Baadaye, watu walipokuwa wakitawanyika, Fanuel akamwuliza taratibu, “Hujawahi kujiuliza kama tangi lingelipuka ungeigonga ile vali?”

Balwinder akamnyanyua mtoto wake kutoka kwenye majani yenye umande.

“Sijawahi kutaka kujua, shemeji. Siku ile nilirudi nyumbani.”

Unakumbukwa na mumeo Fanuel, bintiyo Placida, dada yako Leokadia aliyeko Bukoba, jirani yako Annonciata, na familia ya Balwinder wa Southall.

Hatutachoka kukukumbuka, Mama Placida.