Moja Mpaka Tano

Jumatatu, 4 Machi

Nisamehe, daftari. Siku kumi na moja sijakugusa, na uko hapa hapa chini ya mto wa mtoto tangu tulipolazwa. Mkono mmoja kaulalia yeye, wa pili unafukuza nzi. Ningekuandikia na nini?

Homa iko palepale. Hanyonyi. Maji na dawa vyote vinapita mshipani, na mishipa yake ni kama uzi. Nesi mmoja tu ndiye anayeipata mara moja. Wodi inamwita Pilipili. Anawasha tochi yake ndogo chini ya kiganja cha mtoto, nyama inawaka nyekundu, mshipa unajichora — tayari! Lakini huo mdomo! Leo kaniambia machozi yangu hayashushi homa, nishike mguu wa mtoto.

Jumatano, 6 Machi

Kaja binti wa fomu. Eti wanapima huruma — sisi wagonjwa tunavyoiona kwa wanaotuhudumia. Moja mpaka tano. Nesi wako anakusemesha kwa upole? Nikacheka. Moja. Anakupa nafasi ya kusema hofu yako? Moja. Anaonyesha kukujali? Hapo nikasita. Juzi zamu yake iliisha, akabaki saa nzima amesimama, anahesabu pumzi za mwanangu. Ila binti alikuwa anatazama saa. Nikasema mbili.

Nikauliza, swali la mshipa liko wapi? Akasema hilo halimo, mama.

Mama Pacha, kitanda cha pili, kasema sifuri ingekuwepo angempa sifuri na chenji. Tulicheka wodi nzima. Siku nyingi sijacheka.

Ijumaa, 8 Machi

Pilipili hayupo. Alama zimebandikwa mlangoni kwa matroni, yeye wa mwisho. Wamemshusha dirisha la kadi mpaka amalize semina ya lugha nzuri.

Tumeletewa mwingine, asali tupu. Pole malaika, pole mpenzi, samahani mama. Sindano saba. Saba! Ya saba ikashika, kwa kuning'inia.

Fomu ingerudi leo ningempa tano ya upole. Na isingekuwa uongo.

Jumamosi, 9 Machi

Dripu imechomoka alfajiri. Asali kajaribu mikono yote miwili, kichwani pia, mpaka akalia yeye. Mwanangu halii. Anafungua mdomo tu, sauti haitoki. Daktari kasema ikifika jioni bila mshipa, yeye hana la kuniahidi.

Nikamwachia Mama Pacha mtoto, nikashuka dirisha la kadi. Nikapanga foleni kama watu.

"Kadi," Pilipili kasema, hajainua macho.

Nikamwambia sina kadi, nina neno. Nilikupa moja, sista. Moja, moja, mbili.

Akagonga muhuri wake. "Ulisema kweli. Mdomo wangu ndio huo." Kisha: "Mtoto?"

Machozi yakanidondoka dirishani.

"Usinililie hapa, unalowesha kadi za watu. Sikiliza!" Yeye kupanda wodini haruhusiwi, akionekana ndiyo kazi basi. Kitambaa cha moto mguuni, dakika tano. Tochi chini ya kisigino, si juu. Huyo mpole wenu afunge mapazia, aache kusema pole, atazame. Tochi ya simu haifai, mwanga unatawanyika. Tochi yake? Iko kabatini wodini, ufunguo anao matroni, na matroni harudi mpaka Jumatatu.

Nimepanda ngazi mbili mbili. Kisigino cha mwanangu ni baridi. Nakifunika kwa kiganja changu.

Mdogo wangu yuko sokoni, kapiga simu: dada, nikuletee nini? Nimemwambia subiri niandike, nisisahau, nakusomea. Kichwa changu si changu tena.

Chupa ya maji ya moto, ile isiyovuja.
Vitambaa viwili laini.
Soksi za mtoto. Moja inatosha, mguu wa pili uachwe wazi.
Tochi. Ndogo, ya kukaa kiganjani. Ijaribu palepale dukani. Betri ziwe mpya.