Nipo, Mwalimu

Alhamisi, Korogwe. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi. Nami niko hivyo hivyo. Nimejaa, sitoki.

Nimefungua jukwaa letu la mafunzo ya mtandaoni kabla hata ya chai. Ni walimu wa shule za msingi, wengi wa Handeni, wachache wa huku kwetu, wanaojifunza kwa simu namna ya kuwafundisha watoto kusoma. Mimi ndiye mwezeshaji wao. Swali la wiki nililitunga kwa raha zangu zote. Majibu yake:

Nipo.

Nipo, mwalimu.

Asubuhi njema, nipo.

Mmoja ameweka na picha ya ua. Nimeshuka mpaka chini, hakuna aliyesema kitu kingine.

Kesho mratibu wetu anatoa uamuzi. Alishanionya: "Dada, hilo jukwaa lako la Kiswahili limelala. Likiendelea hivi tunarudi kwenye Kiingereza kama kozi nyingine." Tukirudi huko, mshiriki wangu mmoja, Mwalimu Hadija wa Sindeni, atazima simu. Kozi ya kwanza aliiacha kwa sababu hiyo.

Kiswahili nilikipigania mimi. Nilisimama kikaoni nikasema kwamba nadharia zote za kujifunza mtandaoni zinasimama juu ya mazungumzo, na mtu hawezi kuzungumza kwa lugha anayoiogopa. Nikapigiwa makofi. Niliyapenda mno yale makofi.

Mchana nikampigia Mwalimu Hadija. Ni wa umri wa mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwalimu wangu. Mbona sauti kama ya mtu mwenye homa?"

Nikamuuliza kwa nini hajibu swali.

"Sijibu? Si wewe uliyeandika kila mshiriki aonyeshe uwepo wake kila siku? Mimi nipo! Juzi mtandao umegoma, nikapanda kichuguu na gauni langu hili, watoto wananicheka, ili nikuandikie nipo. Sasa unataka nije huko nikuonyeshe na sura?"

Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka.

Uwepo. Neno hilo nililichagua mwenyewe. Kwenye vitabu nilivyosomea, vyote vya Kiingereza, maana yake ni mtu kusikika akifikiri: anauliza, anabisha, anakwama mbele ya wenzake hata kama hawamwoni. Nikaligeuza Kiswahili, nikaridhika nalo, nikapita. Na walimu, ambao kila asubuhi huita majina darasani, wakadhani naita majina. Wakaitika.

Nikamuuliza, basi tu, darasani kunaendaje. Hapo ndipo alipofunguka.

"Nina binti wa wafugaji, kwao ni Kimaasai tu. Anasoma ukurasa mzima bila kukosea, ukimuuliza umesoma nini, anakutazama. Nikamwekea mwenzake amtafsirie, kumbe mwenzake anamdanganya kusudi, darasa zima linaangua kicheko! Nimechoka, mwanangu. Mwenzangu wa Kwamsisi naye anao wa namna hiyo. Tunaliliana tu kwenye simu."

Swali langu la wiki lilihusu jambo hilo hilo, kwa maneno ambayo sasa yananichosha hata mimi.

"Mama, andika hayo hayo jukwaani."

"Hayo?" Alishangaa kweli. "Haya si maongezi tu? Kule si masomo?"

Nikamuaga vibaya, kwa haraka.

Nimeshinda na maneno yake. Nilidhani kikwazo ni Kiingereza. Kumbe na Kiswahili changu kimevaa suti. Kikiingia, watu wazima wanasimama wima kama darasa lililoingiliwa na mkaguzi.

Na yule binti hanitoki akilini. Hizi nadharia ninazozinukuu vikaoni, ninazielewa, au ninazitamka tu vizuri?

Nimelifuta swali la wiki. Mahali pake nimeandika: "Walimu wangu, nani ana mtoto anayesoma bila kuelewa? Mimi sijui la kufanya. Tuongee." Nimelisoma tena hilo "sijui". Mwezeshaji hasemi hivyo, na mratibu ataliona kesho kabla ya kuamua.

Nimelituma.

Wasiponijibu na hili, sitakuwa tena na Kiingereza cha kusingizia.